Studio ya nyumbani: tatizo si udogo wa mikisa, ni njia za sauti

Siku hizi mfanyabiashara mdogo akiuza mazao vizuri, au zamu yake ya upatu ikifika, haendi moja kwa moja kununua cherehani au mashine ya kusaga. Wapo wanaotenga chumba kimoja cha nyumba, wakabandika sponji ukutani, wakaweka kompyuta, maiki na mikisa, wakafungua studio. Sioni ubaya wowote. Kazi ipo: kwaya zinataka kurekodi, madrasa zina kaswida zao, duka la pembejeo linataka tangazo la mbegu kabla mvua hazijaanza, na gari la matangazo linahitaji sauti mpya kila wiki. Ninacholalamikia ni jinsi mtaji unavyotumika.

Ingia katika studio za namna hiyo. Utakuta mikisa ya njia 12 au 16, pana kama meza ya chakula, na maiki mbili tu. Hedifoni ni moja, imechomekwa nyuma ya kompyuta. Mwimbaji hajisikii vizuri, au anajisikia kwa kuchelewa, basi anaimba akiwa nyuma ya mdundo. Wimbo wa saa moja unachukua saa tatu. Kwaya inaondoka kwa adabu, inashukuru, na mwakani inakwenda kwingine. Mwenye studio akimweleza muuza vifaa, anaambiwa mikisa yake ni ndogo, aongeze fedha achukue kubwa zaidi. Ushauri huo ni wa kumsaidia muuzaji.

Mikisa, ndugu msomaji, haina tofauti na mfereji wa umwagiliaji. Maji yanaingia kwa milango mingi, yanakutana, kisha yanatoka kwa mifereji kadhaa. Anayefungulia maji yote kwenye mfereji mmoja asishangae shamba la jirani likikauka na lake likifurika. Nyuma ya mikisa ya kawaida kuna mfereji mkuu, ulioandikwa MAIN. Kuna wa pembeni, AUX. Halafu ipo mifereji miwili ya msimamizi mwenyewe: CONTROL ROOM kwa ajili ya spika zake na PHONES kwa ajili ya hedifoni.

Wengi huchukua MAIN hiyo hiyo wakaipeleka kwenye kompyuta na kwenye spika. Matokeo yake, mtoto akilala chumba cha pili ukapunguza sauti, umepunguza na kile kinachorekodiwa. Spika ziunganishwe na CONTROL ROOM, ambayo ina kitufe chake cha kuzungusha. Hapo unaweza kupandisha na kushusha utakavyo bila kuigusa kazi ya mteja. Haigharimu kitu zaidi ya kuhamisha waya.

Sasa sauti inayorudi kutoka kwenye kompyuta, yaani mdundo ambao mwimbaji anaufuata. Mikisa nyingi ndogo zina tundu la kupokea sauti hiyo, limeandikwa 2TR IN au TAPE IN, na kando yake kitufe cha kuchagua iende wapi. Ukiielekeza MAIN, inarudi tena kwenye kompyuta ilikotoka. Mdundo unajirekodi juu ya sauti ya mwimbaji, na baadaye huwezi kuvitenganisha. Kama programu nayo imeachwa inapitisha kila kinachoingia, sauti itazunguka mpaka ipige yowe. Ukiielekeza CONTROL ROOM, unasikia wewe na anasikia mwimbaji, na kompyuta inapokea maiki peke yake. Nimeona watu wakibadilisha kompyuta nzima kwa sababu ya kitufe hiki.

Kwenye baadhi ya mikisa, hata hivyo, kitufe hicho hakiongezi sauti bali kinabadilisha: ukisikia mdundo, maiki inapotea masikioni. Hapo tumia ujanja wa mafundi. Rudisha sauti ya kompyuta kupitia njia moja iliyo wazi, kitelezi chake kiache chini kabisa ili isiende MAIN, kisha fungua AUX ya njia hiyo pamoja na AUX ya maiki. Toa AUX hiyo uipeleke kwenye kiamplifaya kidogo cha hedifoni. Mwimbaji anapata mchanganyiko wake mwenyewe. Akitaka mdundo zaidi unamwongezea bila wewe kubadilishiwa unachosikia. Sharti moja: AUX iwe ya PRE, yaani inayochota maji kabla ya kitelezi. Ile ya POST inachota baada yake, na kitelezi kikiwa chini haitoi kitu. Mikisa nyingi za bei ndogo kabisa zina POST tu. Basi ukiwa dukani acha kuhesabu njia, uliza habari ya PRE.

Na kuchelewa je? Kompyuta inapokea sauti kwa mafungu. Ikirekodi sampuli 44,100 kwa sekunde na fungu likiwa la sampuli 512, sauti inangoja karibu milisekunde 12 kuingia, na nyingine kama hizo kutoka. Jumla ni zaidi ya 23. Sauti hewani husafiri kama meta 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwimbaji ni kama anajisikiliza akiwa amesimama meta nane kutoka alipo. Akisikia maiki moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, kungoja huko hakupo. Ila zima sauti ya maiki inayorudi kupitia programu, la sivyo atajisikia mara mbili.

Wapo wanaosema mikisa imepitwa na wakati, nunua kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili na kitufe cha kusikiliza moja kwa moja. Kwa anayerekodi sauti moja moja, wana haki kabisa, na hana haja ya mikisa. Lakini kwa mtu ambaye Jumamosi anakodisha muziki harusini na Jumatatu anarekodi kwaya, mikisa inajilipa yenyewe. Asidanganywe tu na ile ya USB yenye njia 12. Nyingi ya hizo zinapeleka kwenye kompyuta njia mbili pekee, kushoto na kulia, kila kitu kikiwa kimeshachanganywa. Muulize muuzaji ni njia ngapi zinafika kwenye kompyuta, na asome kijitabu mbele yako.

Fedha inayobaki iende kwenye hedifoni mbili zinazofunika sikio lote, moja ya mwimbaji na moja yako, kwa kuwa katika chumba kimoja spika lazima zizimwe maiki inapokuwa wazi. Zizime kwenye spika zenyewe, maana katika mikisa nyingi ndogo kitufe cha CONTROL ROOM ndicho hicho hicho cha PHONES. Usipandishe sauti kupita kiasi. Kipimo kinachotumika kulinda masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne tu. Fundi aliyeharibikiwa masikio hana shamba jingine la kulima.

Spika za kusikilizia nazo zisikutie tamaa. Yamaha NS-10, zilizoingia sokoni mwaka 1978 na kuacha kutengenezwa mwaka 2001, zilijaa katika studio kubwa za dunia ingawa sauti yake ilikuwa kavu. Mafundi walizipenda kwa sababu kazi iliyosikika vizuri pale ilisikika vizuri popote. Wewe mteja wako atasikilizia kwenye simu, redio ndogo ya dukani au spika ya honi juu ya pikapu. Honi haina besi. Tangazo la mbegu lililojazwa ngoma nzito litafika sokoni likiwa mkwaruzo, na bei ya kilo haitasikika. Kabla ya kupokea malipo, muombe mwenye gari aipige pale nje ya nyumba, usimame ng'ambo ya barabara usikilize kama jina la duka linafika.