Vidoa vikitoweka, hatari bado ipo
Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi vikimtoka samaki wa baharini anayefugwa nyumbani, kisha vikapotea siku chache baadaye, wengi hushangilia kwamba amepona. Sivyo. Kimelea huyo, Cryptocaryon irritans, ameshiba tu, akadondoka mchangani na kujifungia ndani ya gamba ambalo dawa haipenyi. Humo anajigawa, na wachanga wake hutoka kusaka samaki. Dawa ya shaba huwaua wachanga hao, lakini huua pia matumbawe na kamba. Kwa hiyo hamishia samaki wote, hata wanaoonekana wazima, kwenye tangi la matibabu, pima kiwango cha shaba kila siku, na tangi kuu likae bila samaki wiki 10 au 11. Ni muda mrefu, lakini samaki anayetweta na kujisugua kwenye mawe anateseka kweli, na hakujileta mwenyewe sebuleni.