Kabla ya kulaumu rezo, tuipime

Huku kwetu mashariki mwa Kongo, sauti ikikatika katikati ya tangazo, jibu ni moja tu: rezo ni mbaya. Mkubwa wa redio anaongeza pesa kwa muuza intaneti, na wiki inayofuata sauti inakatika vilevile. Pengine tangazo hilo lilikuwa la mama aliyepotezana na mtoto wake njiani wakati wa kukimbia vita. Mimi nasema pesa hiyo isitoke kabla rezo haijapimwa.

Programu ya kupima ipo, inaitwa iperf3, nayo ni ya bure. Imetengenezwa Marekani na watu wa ESnet, mtandao wa watafiti wenye makao katika maabara ya Berkeley. Inatuma data kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa sekunde 10, kisha inaonyesha ni megabiti ngapi zimepita kila sekunde.

Ugumu unaanza pale kompyuta inayogawa intaneti haina Windows. Kuna mafundi wanaoipa kazi hiyo mashine kuukuu yenye FreeBSD, mfumo wa bure uliotoka mwaka 1993. Fundi akisafiri, hakuna anayethubutu kuigusa. Woga huo sioni sababu yake. Unaingia kama msimamizi, unaandika pkg install iperf3, unajibu y, basi. Kama intaneti imekufa kabisa, mashine nyingine ya FreeBSD ya toleo lilelile inaweza kuichukua kwa pkg fetch -d -o /tmp iperf3. Mafaili unayabeba kwenye flashi na kuyaingiza kwa pkg add.

Kwenye mashine hiyo unaandika iperf3 -s, nayo inakaa kungojea. Kwenye kompyuta ya studio unaandika iperf3 -c na anwani ya ile ya kwanza. Mlango wake ni namba 5201. Usipofunguliwa hakuna kitakachopita. Kote kuwe na iperf3, maana iperf ya zamani haielewani nayo.

Pima kwanza kwa waya, halafu bila waya. Waya wa megabiti 100 ukiwa mzima hutoa kama 94. Ukiona 94 kwa waya na 2 kwa hewa, muuza intaneti hana kosa. Ugonjwa uko nyumbani. Kipimo hiki cha ndani hakili hata mega moja uliyonunua.

Ndani kukiwa sawa, ndipo tunamgeukia muuzaji. Aweke iperf3 upande wake, tupime naye. Hapo msikimbilie kuangalia kasi. Kwa sauti ya mtu anayesema, kilobiti 64 kwa sekunde zinatosha. Kinachoharibu tangazo mara nyingi ni vipande vinavyopotea njiani, na mega za ziada hazivirudishi. Andika iperf3 -u -b 64k -t 60 -c na anwani yake: kwa dakika nzima inakula karibu nusu megabaiti tu, na mwishoni inaonyesha vipande vilivyopotea kwa asilimia. Ukiongeza -R, unapima njia ya kurudi.

Najua watakaosema hiyo ni kazi ya fundi, mwandishi wa habari ashike maikro yake. Lakini anayepigiwa simu na familia zilizohama wakiuliza mbona jina la mtoto halikusikika, si fundi.

Basi naomba wakubwa wa redio, mkataba mpya wa intaneti usitiwe sahihi bila kuandikwa asilimia ya vipande vinavyoruhusiwa kupotea. Na ninyi wenye vibanda vya mawasiliano karibu na kambi, mnaolipisha kwa saa: bandikeni mlangoni kipimo cha asubuhi, ili mama ajue analipia nini kabla hajatoa franka zake.