Mafiga Matatu ya Elimu



Dominika iliyopita, baada ya Misa, mzee mmoja alinivuta kando ya kanisa. Mwanawe amaliza sekondari mwaka huu, naye ataka kujifunza filosofia, siasa na uchumi kwa pamoja. «Mwalimu,» akasema, «wahenga walinena: mshika mawili, moja humponyoka. Je, mshika matatu atabaki na nini? Nami nimekwisha kuuza ng'ombe.» Swali lake ni la haki, na wazazi wengi wanalo moyoni. Nalijibu hapa mbele ya wote.

Masomo hayo matatu yaliunganishwa mwaka 1920 katika chuo kikuu cha Oxford, Uingereza. Hapo kwanza vijana wengi waliotazamiwa kushika kazi kubwa za serikali walijifunza Kigiriki na Kilatini, pamoja na mambo ya watu wa kale. Baada ya vita kuu ya 1914-1918 walimu waliona kwamba dunia yataka pia watu wenye kuelewa mambo ya siku zao. Hata leo mwanafunzi wa Oxford hujifunza yote matatu katika mwaka wa kwanza. Akiisha kushinda mtihani, aweza kuendelea na yote au kuacha moja.

Filosofia huanza na logiki, yaani sheria za kufikiri sawasawa. Mtu asema: «Kila mwizi hukimbia akiona askari. Kijana huyu amekimbia. Basi ni mwizi.» Mara watu waokota mawe. Lakini neno la tatu halitoki katika yale mawili ya kwanza, kwa kuwa mwoga naye hukimbia. Tazameni: kosa la kufikiri laweza kumwua asiye na hatia.

Siasa hufundisha jinsi watu wanavyotawaliwa, na jinsi sheria zinavyogeuza kura kuwa mamlaka. Katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 2015, chama cha UKIP kilipata kura karibu 3,900,000 na kiti kimoja tu bungeni. Chama cha SNP cha Scotland kilipata kura kama 1,450,000 na viti 56. Hapakuwa na wizi. Kila jimbo humpeleka bungeni yule mmoja aliyepata kura nyingi kuliko wenzake. Kura za SNP zilikuwa pamoja katika majimbo ya Scotland, na zile za UKIP zilitawanyika katika nchi nzima. Asiyejua sheria hiyo atalia kwamba ameibiwa, au atanyamaza siku atakapoibiwa kweli.

Uchumi hufundisha, kwa hesabu nyingi, namna bei zinavyopanda na kushuka. Tuseme mkubwa mmoja aamuru unga wa mihogo uuzwe kwa nusu ya bei. Maskini wafurahi siku ya kwanza. Lakini mkulima asiyerudishiwa gharama yake hapeleki tena unga sokoni, na mwenye unga auza kwa siri usiku.

Basi tufanye nini juu ya njaa ya maskini? Mwenye uchumi peke yake ataeleza bei, asiseme kama ni haki. Mwenye filosofia peke yake atatamka haki, wala hatajua unga utatoka wapi. Mwenye siasa peke yake atatafuta kura tu. Mzee wangu, haya si mambo matatu ya kushikwa kwa mkono mmoja. Ni mafiga matatu chini ya chungu kimoja.

Kanisa lenyewe limefikiri hivyo. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mapatano ya tajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya mshahara kuwa wa haki: sharti umtoshe mfanyakazi kuishi. Hapo haki, sheria na fedha vimesemwa pamoja.

Julius Nyerere, mkatoliki na mwalimu wa shule ya misioni huko Tabora, alikwenda Edinburgh mwaka 1949. Huko alijifunza, pamoja na mengine, historia, uchumi na filosofia ya maadili, akamaliza mwaka 1952. Miaka tisa baadaye aliiongoza Tanganyika kupata uhuru. Si kwamba hakukosea: mipango yake ya uchumi ilileta shida nyingi. Elimu humpa mtu macho. Haimwondolei hatari ya kujikwaa.

Basi, mzee, mwulize mwanao maneno mawili. Kwanza: je, wapenda hesabu? Akizikimbia, uchumi utamshinda tangu mwaka wa kwanza. Pili: wataka kujua haya ili uwatumikie watu, au upate kuwapita kwa maneno? Akijibu vema, usimlilie ng'ombe wako. Umenunua figa.