Mtandao Haukufa: Jina Limepotea Njia

Ofisi inapohamishia kazi zake kwenye seva mpya, asubuhi ya pili yake aghalabu husikika kilio kimoja: "Mtandao umekufa." Karani hawezi kufungua faili la mishahara, mhasibu haoni hesabu zake, na printa iliyo hatua tatu kutoka mezani haiitiki. Fundi huitwa, naye huzima na kuwasha, hung'oa nyaya na kuzirudisha, na hatimaye huifuta kompyuta na kuipakia programu zake zote upya. Siku ya kazi hupotea bure. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi mtandao huo ni mzima. Kilichoharibika ni uhusiano kati ya jina na nambari. Na maarifa ya kuugundua ugonjwa huo hayapaswi kuwa siri ya mafundi, bali ni elimu ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuipata darasani.

Kompyuta hazijuani kwa majina. Kila moja ina anwani ya tarakimu, nayo ndiyo inayotumika kupeleka ujumbe. Majina yamewekwa kwa ajili yetu wanadamu, tusioweza kukariri tarakimu nyingi. Katika miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulitegemea orodha moja ya majina na nambari, iliyotunzwa katika Stanford Research Institute na kikundi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Kila kituo kilichukua nakala yake. Mashine zilipoongezeka, orodha moja haikufaa tena. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni Mfumo wa Majina ya Vikoa, ambao huigawa kazi hiyo: kila mwenye eneo hutunza orodha ya eneo lake, na wengine humwuliza.

Ili maswali yasizidi kiasi, mfumo huo huruhusu jambo moja la busara: aliyepata jibu hulihifadhi kwa muda uliowekwa na mwenye orodha. Muda huo huhesabiwa kwa sekunde. Sekunde 86,400 ni siku nzima. Hiyo ndiyo sababu majibu huja upesi, na ndiyo sababu vilevile ya matatizo wakati wa kuhama. Mtu akihama nyumba, rafiki zake walioandika mahali anapokaa wataendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya zamani mpaka wasahihishe madaftari yao.

Tuchukue mfano wa shule ambayo seva yake iitwayo "hazina" ilikuwa na anwani 192.168.1.10, na seva mpya yenye jina lilo hilo imepewa 192.168.1.20. Anwani ya zamani yaweza kujificha mahali patatu. Kwanza, katika orodha ya majina yenyewe, ikiwa haikusahihishwa. Pili, katika kumbukumbu ya muda ya kila kompyuta. Tatu, katika faili liitwalo hosts, ambalo pengine lilijazwa kwa mkono miaka mingi iliyopita. Tena iko hatari ya nne: huduma inayozigawia kompyuta anwani huenda bado inaziambia zikaulize majina kwa seva ya zamani, iliyokwisha kuzimwa.

Asiyetenganisha mambo hayo atabaki kukisia. Njia ya kisayansi ni kuligawa swali. Hatua ya kwanza, tuiite seva kwa nambari: ping 192.168.1.20. Ikiitika, njia ni nzima, wala hapana haja ya kugusa nyaya. Isipoitika tusikate shauri upesi, maana baadhi ya seva zimeamriwa zisiitike. Tujaribu kufungua faili zake kwa kutumia nambari hiyo. Hatua ya pili, tuiite kwa jina: ping hazina. Ikiwa nambari inafika na jina halifiki, au jina latupeleka kwenye 192.168.1.10, basi kosa limo katika majina.

Hatua ya tatu ni amri ya nslookup hazina. Amri hii huiuliza seva ya majina moja kwa moja, bila kupitia kumbukumbu ya kompyuta wala faili la hosts. Ikileta anwani ya zamani, orodha ndiyo yenye kosa. Ikileta anwani mpya ilhali ping ingali inakwenda kwenye ya zamani, kosa limo ndani ya kompyuta hiyo: kumbukumbu yake ifutwe, ambapo katika Windows amri ni ipconfig /flushdns, kisha faili la hosts likaguliwe. Isipopata jibu lolote, tutazame kompyuta imeelekezwa kumwuliza nani.

Zipo tiba mbili za haraka ambazo hapana budi kuzipinga. Ya kwanza ni kuandika anwani mpya katika faili la hosts la kila kompyuta. Leo itafaa, lakini itakuwa mtego siku ya kuhama tena. Ya pili ni kuzipa kompyuta seva ya majina ya nje iwe msaidizi. Seva hiyo haijui majina ya ndani ya ofisi. Itajibu kwamba jina halipo, na kompyuta italisadiki jibu hilo. Kinga bora ni kupunguza muda wa kuhifadhi majibu hadi sekunde 300, walau siku moja kabla ya kuhama.

Wapo watakaosema kwamba shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na nyingine hazina hata umeme. Ni kweli, lakini somo hili lahitaji karatasi tu. Mwalimu awape wanafunzi 10 majina ya bandia na nambari za madawati, na mmoja zaidi atunze orodha. Darasa lipeleke barua kwa majina hayo, kila mpelekaji akiuliza nambari kwa mtunza orodha na kuiandika kwenye kijikaratasi chake. Kisha wawili wabadilishane madawati. Barua zitakazopotea ziwe ndizo swali la siku: kosa limo katika orodha, au katika vijikaratasi? Mwanafunzi aeleze atakavyothibitisha kabla ya kurekebisha chochote.

Masomo yetu ya kompyuta yamekazia mno kubofya vitufe, na vitufe hubadilika kila toleo jipya la programu. Kubadili jambo moja kwa wakati na kutazama matokeo ni desturi ambayo mwanafunzi amekwisha kuizoea katika maabara ya fizikia. Ndugu walimu, tumfundishe kuitumia ofisini pia, ili karani asikose mshahara wake mwisho wa mwezi kwa sababu ya mstari mmoja wa orodha ambao haukusahihishwa.