Mwenye Bunduki Kondeni na Askari Aliyeitwa kwa Simu

Jioni ya mwezi wa saba, kando ya shamba la ngano iliyokaribia kuvunwa mashariki ya Uingereza, mtu ameketi nyuma ya wavu wenye rangi ya majani. Amevaa nguo za mabaka na uso ameufunika. Mbele yake ametega njiwa wa plastiki ili njiwa pori washuke, na mkononi ana bunduki ya marisau. Mwenye shamba ndiye aliyemwita, maana njiwa hao hula mazao bila huruma. Hatua mia mbili kutoka hapo kuna njia ya miguu iliyo wazi kwa kila mtu, na mama mmoja anapita na mbwa wake. Anaona mtutu, anasikia mlio, anapiga 999, namba ya dharura.

Hakuna mkosaji hapa. Mwindaji ana kibali na ruhusa ya mwenye ardhi. Mama ana kila sababu ya kuogopa. Anayepokea simu hajui lolote zaidi ya kwamba kuna mtu mwenye bunduki. Katika nchi hiyo askari wa kawaida hatembei na silaha, kwa hiyo maneno hayo machache yanaita kikosi kingine, chenye bunduki, pengine na helikopta, kikitokea mji wa mbali. Kikifika, giza limeshaingia, na kondeni pana watu wenye silaha wasiojuana.

Ndiyo maana wawindaji wengi huko wamejizoeza kupiga 101, namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura, kabla ya kutoka, hasa wanapokwenda kuwinda mbweha usiku kwa kurunzi. Wanaeleza wako shamba gani na hadi saa ngapi, kisha wanapewa namba ya kumbukumbu. Hakuna sheria inayowalazimisha. Je, iwepo?

Tuanze na yale ambayo sheria inayasema tayari. Sheria ya Silaha ya mwaka 1968, kifungu cha 48, inamruhusu askari kumtaka mtu ambaye askari huyo anaamini kuwa ana bunduki ya marisau au raifo aonyeshe kibali chake. Asipokionyesha, wala asithibitishe kuwa ana haki ya kuwa nayo, askari anaweza kuichukua na kudai jina na anwani. Mahali pa umma, kifungu cha 47 kinamruhusu kuitaka silaha aikague, mradi ana sababu ya msingi ya kumshuku mtu. Kuingia shamba la mwingine na bunduki bila ruhusa ni kosa la jinai. Tena ipo sheria ya mwaka 1828 dhidi ya ujangili wa usiku, na bado inatumika. Askari anayemuuliza mwindaji maswali saa nne ya usiku huenda anamlinda mkulima yule yule aliyetoa ruhusa.

Mamlaka, basi, hayakosekani. Na hofu ya askari ina makaburi yake. Mwaka 1987, katika mji mdogo wa Hungerford, mtu mmoja aliua watu 16, miongoni mwao askari aliyefika na gari bila silaha. Mwaka 1996 huko Dunblane, Scotland, waliuawa watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka 2010 katika jimbo la Cumbria walikufa 12. Agosti 2021 mjini Plymouth waliuawa watano, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu.

Matukio hayo manne yana jambo moja linalonikosesha usingizi kila ninapoyasoma: katika yote, muuaji alikuwa na kibali. Huyu wa Plymouth alikuwa amenyang'anywa bunduki yake na polisi baada ya kuwapiga vijana wawili, kisha ikarudishwa mikononi mwake Julai 2021. Mwezi uliofuata aliitumia. Wazee wa baraza waliosikiliza uchunguzi wa vifo hivyo mwaka 2023 waliilaumu waziwazi ofisi ya vibali ya polisi. Kosa lilifanyika mezani, kwenye jalada, mchana kweupe. Hakuna doria ya kondeni ambayo ingelizuia, wala hakuna simu ya mwindaji kwenda 101 ambayo ingeokoa uhai wa mtoto yule.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama kutoa taarifa kuwe lazima, jibu langu ni hapana, ingawa mimi binafsi ningempigia simu polisi kila mara. Kutoa taarifa ni kupiga hodi, na hodi ina thamani pale inapopokelewa na mtu anayekujua. Mtanzania aliyeishi enzi za balozi wa nyumba kumi anaelewa: mgeni aliripoti kwa balozi, na balozi alimjua mwenyeji, uchochoro, hata mbwa wa jirani. Kwenye simu ya Uingereza anapokea mtu aliye kilomita nyingi kutoka shambani. Vituo vingi vya polisi vya vijijini vimefungwa tangu 2010, na askari aliyewajua wakulima kwa majina amestaafu au amehamishiwa mjini. Polisi wana orodha ya kompyuta ya wenye vibali na silaha zao, lakini orodha hiyo haisemi nani yuko shamba gani usiku huu. Taarifa ya lazima isiyomfikia askari aliye njiani itazaa kosa jipya la kumshtaki mtu aliyesahau kupiga simu, huku giza la kondeni likibaki vile vile.

Na simu yenyewe inaweza kubeba sumu. Septemba 1999, mtu aliyeitwa Harry Stanley alitoka katika baa mashariki ya London akiwa na mguu wa meza ndani ya mfuko. Mtu fulani aliwapigia polisi akasema yupo Mwairishi mwenye bunduki. Stanley alikuwa Mskoti. Askari wawili wenye silaha wakamkuta karibu na nyumbani kwake, na akauawa kwa risasi. Maneno mawili ya simu, "Mwairishi" na "bunduki", yalikuwa yamewafikia kabla yake.

Hapo ndipo ninapowafikiria Waswahili waliohamia Uingereza, na watoto wao, ambao baadhi watatamani starehe hii ya shambani kama jirani zao. Takwimu za serikali za England na Wales zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba mtu mweusi husimamishwa na kupekuliwa mara kadhaa zaidi ya mzungu. Mjini hilo linajulikana. Kijijini, ambako mtu mweusi mwenye bunduki ni nadra kuonekana, yule mama wa njiani atasema nini kwenye simu? Na askari atakuwa amesikia nini? Kibali hukaa mfukoni. Ngozi huonekana kutoka mbali. Kwa kijana kama huyo ningesema apige simu kila mara, hata kama sheria haimdai, na ninauma meno ninapolisema, kwa kuwa si haki mmoja ahitaji kinga ambayo mwenzake haihitaji.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua askari anayedhani jibu analo tayari huishia wapi. Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013 ilianzishwa Tanzania kuwasaka majangili, na nia ilikuwa njema, maana tembo walikuwa wakiteketea. Ikasitishwa baada ya wabunge kueleza mauaji, mateso na mali za wananchi zilizoharibiwa, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba mwaka huo. Mfugaji na jangili walikuwa wamewekwa kapu moja.

Kinachosaidia kondeni ni vitu vidogo. Mwindaji aone kurunzi za polisi, aifungue bunduki mtutu uiname, aitoe risasi, ailaze chini, asogee mbali nayo na mikono ionekane. Maswali yake ayaulize baadaye. Anayepokea simu aulize: Huyo mtu analenga wapi? Kuna njiwa wa plastiki mbele yake? Je, gari limeegeshwa wazi langoni? Akishapata majibu hayo matatu, ampigie simu mwenye shamba kabla ya kuita helikopta. Nayo ofisi ya vibali ipewe watu na muda wa kutosha wa kusoma majalada, maana ndiko mauti yalikopita.

Na yule mama aliyepiga 999 arudiwe. Mara nyingi msafara wa polisi huondoka na yeye hubaki dirishani bila kuambiwa lolote. Askari mmoja apite mlangoni kwake amweleze kilichokuwapo, na ikiwezekana mwindaji aende naye, bila bunduki, ajitambulishe kwa jina.