Mzee Alikuja na Hati ya Shamba

Jumapili ya Juni 8, 2025, mzee mmoja kutoka Homa Bay aliingia Nairobi akiwa na hati ya kumiliki shamba lake. Mwanawe wa pekee, mwalimu Albert Ojwang, 31, alikuwa amechukuliwa na polisi nyumbani siku iliyotangulia kwa maneno yaliyodaiwa kuandikwa mtandaoni kuhusu afisa wa ngazi ya juu katika idara yao. Mzee huyo hupata riziki yake kwenye machimbo ya mawe. Hana akiba ya benki ya kuweka mezani, ila ana shamba, na alikuwa tayari kuliweka dhamana ili mtoto arudi. Alipofika Kituo cha Polisi cha Central aliambiwa mtoto ameshafariki.

Kila mzazi wa Kenya asiye na kitu anaielewa hati hiyo. Ndiyo tunayoificha chini ya godoro au kwenye sanduku la bati, tusiiguse hata karo ikitushinda. Mtu akiitoa, ujue amefika mwisho. Na mzee yule aliitoa kwa sababu aliamini kwamba kwenye kaunta ya polisi kulikuwa na sheria ya kuzungumza nayo.

Polisi walisema marehemu alijigonga kichwa ukutani. Siku mbili baadaye madaktari waliofanya upasuaji wa maiti, Dkt Bernard Midia akiwa msemaji wao, walieleza walichokiona: majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na michubuko iliyotapakaa mwilini. Hayo hayakulingana na mtu aliyejigonga mwenyewe. Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya maseneta akaiondoa kauli ya awali na kuomba radhi. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, nayo ikaeleza kwamba mitambo ya kamera za kituoni ilikuwa imechezewa. Kabla ya mwezi huo kwisha, watu sita, akiwemo aliyekuwa mkuu wa kituo, walishtakiwa kwa mauaji.

Kasi hiyo tunaipongeza, lakini tunauliza swali ambalo halijatutoka. Kauli ya ule ukuta ingesimama kwa muda gani kama nchi nzima isingekuwa inatazama? Je, kama marehemu hangekuwa na wafuasi mtandaoni, au kama familia ingeharakishwa kuzika kabla ya madaktari kuufungua mwili?

Swali hilo lina jibu, na jibu liko Kisumu.

Usiku wa kuamkia Agosti 12, 2017, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, polisi waliingia mtaa wa Nyalenda nyumba kwa nyumba. Katika nyumba mojawapo mama alikuwa amempakata bintiye wa miezi sita, Samantha Pendo. Rungu lilimpata mtoto kichwani. Alilazwa hospitalini akiwa hajitambui, na Agosti 15 akafariki. Februari 2019 hakimu Beryl Omollo, aliyesikiza uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo hicho, alisema polisi wanawajibika, akawataja makamanda watano na kuagiza maafisa wengine wachunguzwe. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Noordin Haji, akatangaza kwamba maafisa 12 wangeshtakiwa kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, kwa kifo cha Pendo pamoja na mauaji, ubakaji na mateso mengine ya msimu ule. Haikuwahi kutokea hapa nchini mashtaka ya aina hiyo kuelekezwa kwa polisi.

Kisha kukaja kuahirishwa. Leo wakili hayupo, kesho mshtakiwa hajafika, keshokutwa stakabadhi ya mashtaka inarekebishwa. Kufikia Agosti 2024, miaka saba kamili tangu mtoto afariki, washtakiwa walikuwa bado hawajajibu mashtaka. Hawakuwa wamesema hata "si kweli". Pendo angekuwa hai, angekuwa amejifunza kusoma, na pengine angekuwa anawasomea wazazi wake barua za kuitwa mahakamani.

Hapa ndipo tunapopiga kengele. Nchini mwetu maskini akiuliwa na polisi, familia yake hugeuzwa kuwa mpelelezi, mlipaji gharama na mlinzi wa kesi yake yenyewe. Baba ndiye anayetafuta nambari ya kitabu cha matukio katika kituo kilekile alichotoka muuaji. Mama ndiye anayekwenda kuwabembeleza majirani walioona waje watoe ushahidi, na majirani wanamwambia kwa upole, mama, sisi bado tunaishi hapa. Ada ya mochari hupanda kila siku mwili unapokaa ukingojea daktari wa serikali. Ndugu hufungua kundi la mchango kwenye simu, shilingi hamsini hapa, mia pale. Siku ya kesi kibanda cha mboga hakifunguliwi, nauli inakopwa, na saa tano karani anasoma tarehe nyingine ya miezi mitatu mbele. Tusishangae familia zikikata tamaa. Tushangae kwamba ziko zinazorudi.

Ziko, na tunazijua. Akina mama wa Mathare, Dandora, Kayole na kwingineko Nairobi waliunda mtandao wao wa waathiriwa na manusura, wakaanza kusindikizana mahakamani ili asiwepo anayeketi peke yake kwenye benchi ile. Wamejifunza sheria kwa njia ya msiba. Kazi wanayoifanya ni ya dola, na dola haiwalipi hata nauli.

Mwenye kudhani tunatia chumvi akumbuke kesi ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa na polisi Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi. Marehemu alikuwa mwanasheria, wenzake waliandamana kwa ajili yake, na mashirika makubwa yaliifuatilia kesi tangu siku ya kwanza. Hata hivyo hukumu ilikuja Julai 2022, na adhabu Februari 2023. Ikiwa mawakili walimsubiri mwenzao zaidi ya miaka sita, mjane wa msukuma mkokoteni atasubiri mingapi?

Siku hizi tumaini la wengi liko kwenye simu ya mpita njia. Juni 17, 2025, katikati ya Nairobi, Boniface Kariuki, kijana aliyekuwa akichuuza barakoa, alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu mbele ya kamera. Alifariki mwisho wa mwezi huo, na afisa mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Tunashukuru kwamba ilinaswa. Lakini haki inayotegemea bahati ya mtu kuwa na chaji kwenye simu ni haki ya kutisha. Nyalenda ilikuwa usiku, na hakukuwa na picha.

Sheria tunazo, tena nzuri. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa aliyetumia nguvu zikajeruhi atoe msaada wa matibabu papo hapo na jamaa wajulishwe. Nguvu zikileta kifo au jeraha baya, IPOA lazima ipewe taarifa mara moja. Jedwali hilohilo linasema kutii amri ya mkubwa si kisingizio. Mwaka 2017, mwaka uleule aliokufa Pendo, ilipitishwa sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, watu wasio polisi ambao kazi yao ingekuwa kufika penye maiti kabla ushahidi haujafutwa. Ojwang alipofariki, miaka minane baadaye, watetezi wa haki walikuwa bado wanaililia huduma hiyo ianze kazi. Hatuoni sababu ya ucheleweshaji huo isipokuwa moja: wanaoumia kwa kukosekana kwake hawana wa kuwasemea bajeti inapogawanywa.

Agosti 2025 Rais William Ruto aliunda jopo la kushughulikia fidia kwa waathiriwa wa maandamano tangu 2017. Mahakama ya Kerugoya ikalisimamisha mwezi uliofuata. Sisi hatupingi fidia. Kuna watoto wanaohitaji karo, na walioumia wana madeni ya hospitali. Ila pesa zikitangulia hukumu zitanunua kimya, na familia iliyokwisha kuuza mbuzi wake wote kufuata kesi haitakuwa na nguvu ya kuzikataa. Zilipwe, na kesi iendelee.

Bunge liipe huduma ya wachunguzi wa vifo fedha katika bajeti ijayo, kwa kifungu kinachoonekana. Hazina ya kuwalinda waathiriwa iliyowekwa na sheria ya 2014 ilipe nauli, malazi na ada za mochari za familia zenye kesi dhidi ya polisi, na malipo hayo yafike kabla ya siku ya kesi. Inspekta Jenerali amwondoe kazini afisa yeyote siku anayofunguliwa mashtaka, na amkabidhi mahakamani siku anayohitajika. Kisingizio cha kwamba mshtakiwa hakupatikana hakifai kutoka kwa idara inayoweza kumtoa mwalimu Homa Bay hadi Nairobi ndani ya siku moja.

Na Jaji Mkuu Martha Koome ana mamlaka ya kuelekeza kesi hizi zisikizwe siku baada ya siku hadi zimalizike. Atoe agizo hilo, na faili ya kwanza mezani iwe ya Pendo.