Safari Ndogo za Mama Anayejiajiri



Mama aliyeajiriwa ofisini ana likizo ya mwaka. Mama anayejiajiri hana. Huamka gizani, hukanda unga wa maandazi, huwaandaa watoto kwenda shule, kisha hushika njia ile ile kwenda kwenye meza ile ile. Hana bosi wa kumkaripia, lakini pia hana wa kumwambia, "Wiki hii pumzika." Mwezi huu tuzungumze juu ya mama huyo, maana hapa Sengerema wengi wetu ndio sisi.

Kazi yake si mbaya. Ndiyo inayonunua sare na madaftari. Tatizo ni mazoea. Siku zikifanana mno, moyo huchoka hata kama mwili una nguvu. Mama huanza kuwajibu watoto kwa ukali, na baba akiuliza habari za leo hujibiwa, "Za kawaida tu." Tena mazoea hufumba macho. Anayepita njia moja miaka 10 haoni tena kinachobadilika kando yake.

Tazameni yaliyotokea hapa kwetu. Kwa miaka mingi, kwenda Mwanza kwa njia ya Busisi na Kigongo kulikuwa ni kungoja kivuko. Kukiwa na foleni, abiria waliweza kukaa hata saa mbili. Foleni ile ilikuwa soko. Akina mama waliuza mahindi ya kuchoma, ndizi, karanga na samaki kwenye madirisha ya mabasi. Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na sasa gari huvuka kwa dakika chache. Ni baraka kubwa. Mgonjwa anayekimbizwa Bugando hangojei tena kivuko kando ya maji. Lakini basi lisilosimama halinunui mahindi.

Daraja lile halikujengwa kwa siri. Ujenzi ulianza mwaka 2020, na nguzo zilionekana zikipanda mwaka hadi mwaka. Mama mwenye desturi ya kwenda mara moja moja kwenye gulio jingine huwa na mahali pa kuanzia mambo yanapogeuka. Asiyejua kituo kingine hulazimika kujifunza siku ile ile anayokosa mteja, na mafunzo ya namna hiyo ni ya gharama.

Ndiyo maana nasema safari ndogo si anasa. Simaanishi kupanda ndege wala kuitelekeza nyumba. Namaanisha jambo dogo usilolizoea, linalomalizika kwa siku moja, kwa nauli unayoimudu, nawe ukarudi nyumbani na cha kusimulia. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Hata yule mke mwema wa Mithali sura ya 31 hakukaa mlangoni tu. Amefananishwa na merikebu za biashara, na shamba alilitazama kwanza kabla ya kulinunua.

Je, mama, muda utaupata wapi? Wenzetu wa mwaloni wana kalenda yao angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti vizuri, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Mama anayeanika dagaa anaweza kuzitumia siku hizo kwenda mwalo wa jirani kuona wenzake wanafanyaje. Dagaa wa kuanikwa chini huokota mchanga, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Wa kuanikwa juu ya chanja huwa safi na bei yao ni nzuri zaidi. Akiweza, afike hadi Mwaloni Kirumba, wanakokuja wanunuzi hata kutoka Kongo, asikie kwa masikio yake wanataka nini. Mama aliyefika huko hapangiwi bei kirahisi na mchuuzi.

Nawe fundi cherehani, jaribu mshono mmoja mpya kila mwezi, kwanza kwenye gauni la binti yako. Mama ntilie, chagua siku moja ya wiki upike kitu kisichokuwa kwenye orodha yako. Wako watu wa mjini waliokulia kijijini ambao hawajaonja matobolwa kwa karanga siku nyingi. Anza na sufuria ndogo. Yakikataliwa, watoto watakula. Yakipendwa, umepata mteja mpya.

Familia nayo isiachwe nyuma. Siku moja vukeni wote kwa kivuko cha Kamanga hadi Mwanza, mpite Bujora, jirani na Kisesa, watoto waone ngoma na vitu vya watemi wa Kisukuma kwenye makumbusho. Mkikosa nauli, tandikeni mkeka uani usiku wa mbalamwezi, mle chakula cha jioni nje, na baba asimulie utoto wake. Mtoto hukumbuka usiku kama huo kwa miaka mingi.

Hata hivyo, yako mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, fedha. Nauli itoke kwenye faida, isitoke kwenye mtaji, wala kwenye fedha za kikundi. Weka sarafu chache kila siku kwenye kopo.

Pili, mwenzako. Mweleze baba watoto mapema unakwenda wapi na kwa nini. Akisita, safari ya kwanza nendeni pamoja.

Tatu, usalama. Ziwa letu si la mzaha. Hatujasahau MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, wala MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, karibu na Ukara. Mamia ya watu walipotea. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa nauli. Kuthubutu si kujitosa.

Basi, mama, mwezi huu chagua jambo moja tu. Liandike kwenye kalenda ya ukutani, lipate siku yake kama vile harusi na mikutano ya shule inavyopata siku. Siku hiyo ikifika, usiruhusu kuni na karai zikuombe ruhusa. Zitakuwepo kesho, nawe utazirudia ukiwa na macho mapya.

Hadi mwezi ujao, nawatakia amani katika nyumba zenu na heri katika kazi za mikono yenu.